Magoti kwa Ajili ya Atomu

Mume wangu Aperamo alirudi kutoka Apia kwa feri ya mchana akiwa na uso wa mtu aliyetapika njia nzima, na nikajua si mambo ya bahari, maana bahari siku hiyo ilikuwa imetulia tuli. Aliweka mfuko chini, akakaa ukingoni mwa nyumba, akaomba kakao. Nikampa. Hakuinywa. Nikamwuliza semina ya walimu ilikwendaje.

"Telesia," akasema, "atomu zinapungua."

"Zinapungua zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote. Zinapungua ukubwa. Ukienda kulia kwenye mstari wa jedwali la elementi, kila atomu ni ndogo kuliko iliyotangulia. Na mimi mwaka mzima nimewafundisha watoto wa watu kwamba zinakua."

Mimi kazi yangu ni kuoka mikate ya tui na kuiuza kwenye uzio wa shule. Kemia sikusoma. Lakini jambo hilo nililijua kuliko alivyodhani, maana nilikuwapo lilipozaliwa.

Ilikuwa hivi. Mwalimu wa kemia alihamia ng'ambo, Auckland, kama wanavyohama wote wenye akili zao, na mkuu wa shule akatafuta wa kumbandika pale. Akamwona Aperamo, mwalimu wa jiografia, mtu ambaye hata ukimwomba akubebee nyumba atauliza aishike upande gani. Akapewa kitabu na ufunguo wa stoo ya kemikali, akaambiwa, wewe unaweza. Basi kila Jumapili baada ya chakula alikuwa akifanya mazoezi ya somo mbele yangu, kwa mikate yangu. Anaipanga mezani, mistari na safu, huyu sodiamu, huyu magnesiamu, kule mwisho klorini, na ole wako uguse klorini ule.

"Ukishuka chini kwenye safu," alinifundisha, "atomu zinakuwa kubwa, kwa sababu kila hatua inajengwa ghorofa mpya ya elektroni." Hapo alikuwa sahihi kabisa. "Na ukienda kulia kwenye mstari, elektroni zinaongezeka moja moja. Kwa hiyo nako zinakuwa kubwa."

Na mimi, mikono imejaa unga, nikafungua mdomo wangu huu nikasema, "Hiyo inaingia akilini. Watu wakiongezeka, nyumba inapanuliwa." Alifurahi mpaka akanibusu shavu lenye unga. Kesho yake aliupeleka mfano huo darasani mzimamzima.

Sasa amekaa ukingoni mwa nyumba, kakao inapoa. "Mwezeshaji aliuliza swali," akasema. "Mimi nikanyoosha mkono, nikawatangulia wote. Nikasema zinakua. Nikaongeza na ule mfano wa nyumba."

"Wakasemaje?"

"Wakacheka. Walidhani nafanya utani. Halafu waliponiona sicheki wakanyamaza, na hapo ndipo iliponiuma."

Nikamwuliza tu iweje vitu viongezwe na kitu kizima kipungue. Akachukua mikate iliyobaki kwenye sinia, akaipanga tena, safari hii polepole, kama mtu anayepanga vitu vya marehemu.

"Kutoka sodiamu hadi klorini, ghorofa haiongezeki. Ni ileile ya tatu. Kinachoongezeka ni nguvu ya kiini, pale katikati. Kila hatua kinavuta zaidi, na elektroni zote zinavutwa ndani. Sodiamu ni kubwa, elektroni yake ya nje iko mbali na imeshikwa kidogo tu, ukiigusa imekwenda. Klorini ni ndogo, imejikunja, elektroni zake kuzinyang'anya ni kazi. Ukikosea ukubwa, unakosea na hilo la pili, na la tatu, na la nne. Yote yanashikana."

"Kwa hiyo ni kama sala ya jioni kwa bibi Saufoi," nikasema. "Wajukuu wanazidi kuja, na bibi pale katikati anazidi kuwa mkali, na wote wanazidi kusogea karibu naye."

Aperamo akaacha kupanga mikate. "Mbona hukuniambia hivyo mwaka jana?"

"Mwaka jana uliniambia zinakua."

Hapo utani ukaisha, kwa sababu nilikuwa nimeshalitaja jina la Saufoi, na huwezi kumtaja Saufoi bila kumfikiria mjukuu wake, Fetuao.

Fetuao ndiye aliyekuwa anaongoza darasa la mwisho. Msichana mrefu, mpole, wa kusema polepole, anayepita mbele ya watu wazima ameinama mpaka unamwonea huruma mgongo wake. Wazazi wake wako Auckland, amelelewa na bibi. Masomo mengine yote alifaulu Desemba, kemia ikamwangusha, na nafasi yake ya chuo kikuu ikapewa mtoto wa mtu mwingine. Kulikuwa na swali moja kubwa la jedwali, lenye vipande vinne: ukubwa wa atomu, ugumu wa kuzinyang'anya elektroni, ipi inatoa, ipi inanyakua. Darasa zima lilianguka kwenye swali hilo, lakini wengine walikuwa wanaanguka hata bila hilo. Fetuao peke yake ndiye aliyekuwa na kitu cha kupoteza. Na bibi yake alikuwa ameshaamua: Jumatatu mtoto anapanda ndege kwenda Pago, kwenye visiwa jirani, akakate jodari kiwandani na kuwapanga kwenye makopo, kama walivyofanya shangazi zake wawili, ambao mpaka leo wako hukohuko.

"Ni mimi niliyempeleka Pago," Aperamo akasema.

"Hujampeleka bado. Leo ni Jumanne."

Siku zilizofuata sikuwa na mume, nilikuwa na kivuli. Majani ya magimbi na tui, chakula anachokipenda kuliko mimi, alikisukuma pembeni. Kwenye sala ya jioni alifika kwenye "utusamehe makosa yetu" akashindwa kuendelea, ikabidi nimalizie mimi. Alikwenda kwa mkuu wa shule akamweleza, akaambiwa, kaka, kosa dogo hilo, kila mwalimu anakosea. Alirudi na hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. Alikwenda nyumbani kwa Saufoi mara mbili. Mara zote mbili bibi alipomwona kwenye njia aligeuka akaingia jikoni nyuma ya nyumba, hakutoka mpaka mgeni akaondoka.

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Nikamwambia, "Huyo bibi hataki kukuona. Mpelekee nguruwe, mwachie hapo uwanjani kwake, urudi ule chakula chako. Unataka kufa?"

"Nguruwe ni wa harusi," akasema. "Naenda kwa Pulou."

Pulou ndiye mkuu wa ukoo wa mume wangu. Mzee mnene, mvivu, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Tulimkuta amelala chali akijipepea. Aperamo alimweleza habari yote, kuanzia mstari wa jedwali mpaka ndege ya Jumatatu, kisha akasema anataka ukoo uende kupiga ifoga mbele ya nyumba ya Saufoi.

Pulou akaketi. Kwa Pulou, kuketi ni tukio.

"Ifoga ni ya damu," akasema. "Mtu ameua, au amebaka, au amemgonga mtoto kwa gari. Ukoo wake unakwenda alfajiri, unapiga magoti mbele ya nyumba ya waliokosewa, umejifunika mkeka, na wenye nyumba wakitaka watauondoa mkeka, ndio msamaha, wakitaka watakuja na mapanga. Mimi babu yangu alipiga ifoga kwa sababu ya kichwa cha mtu. Leo wewe unataka nikapige magoti kwa sababu ya nini? Sema tena, nikisikie vizuri."

"Atomu," Aperamo akasema.

"Atomu. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mzee wangu. Kuna mtoto angekuwa daktari, sasa anakwenda kukata samaki, na alinisikiliza mimi. Wenzake walikuwa wanalala darasani. Yeye alisikiliza."

Pulou akanigeukia mimi. "Na wewe, mwanamke, unasemaje? Mumeo ameanza lini kuchanganyikiwa?"

Ningeweza kusema Jumanne. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema kwamba ule mfano wa nyumba ulikuwa wangu. Pulou akacheka mpaka akakohoa. Halafu akamtazama Aperamo, akaona macho yake, na kicheko kikakatika.

"Magoti yangu hayapigi ifoga," akasema mwishowe. "Nitakuja na kiti. Nitakaa nyuma na kusema hotuba, kwa sababu wewe ukiachiwa useme utawafundisha watu kemia. Mkeka utaubeba wewe. Mkeka gani?"

Hapo ndipo nilipojua nimeingia mtegoni. Ukoo wa Aperamo mikeka yao mizuri yote ilikwisha kwenye mazishi ya mwaka jana. Uliobaki nyumbani ni mmoja, wa mama yangu, mwembamba na laini mpaka unakunjika kama kitambaa, alioufuma kwa miaka mpaka macho yakamwisha. Na mkeka wa ifoga haurudi. Ukishapokelewa, ni wa wale waliokosewa.

Nililia siku nzima ya Ijumaa nikiwa naoka, na mikate ikatoka migumu. Si kwa ajili ya Fetuao, nasema kweli. Nililia kwa ajili ya mkeka. Halafu jioni nikaanza kuona haya kwa kulilia mkeka wakati mtoto anafungasha nguo, nikautoa chini ya godoro nikauweka mezani mbele ya Aperamo bila kusema neno.

Jumamosi alfajiri tulikwenda kwa miguu, mimi na Aperamo mbele, Pulou nyuma kwenye gari la mpwa wake pamoja na kiti chake. Nyumba ya Saufoi iko wazi pande zote kama nyumba zetu zilivyo, na mbele yake kuna kaburi la marehemu mumewe, limepakwa chokaa nyeupe, kisha uwanja wa mawe meusi madogomadogo. Aperamo alipiga magoti kwenye mawe hayo, karibu na kaburi, akainamisha kichwa. Nikamfunika mkeka wa mama yangu. Nikapiga magoti nyuma yake, kwa kuwa mke hakai kwenye kiti mume akiwa chini. Mimi sikufundisha hata kipindi kimoja, lakini magoti ni yangu pia.

Kulikucha. Ndani ya nyumba mapazia ya mikeka yalikuwa yameshushwa upande mmoja, na nyuma yake tulisikia mtu anatembea, anasimama, anatembea tena. Hakutoka.

Jua likapanda. Januari kwetu jua halina adabu. Watu wakaanza kupita barabarani, wakisimama, wakinong'ona, maana ifoga si kitu unachokiona kila mwaka. Jirani mmoja anayeitwa Vaitoa, mwanamke asiyeweza kuona jeraha bila kulitia kidole, akanisogelea kando ya ua.

"Telesia, dada yangu. Mumeo kamuua nani?"

"Hajaua mtu."

"Basi kaiba mke?"

"Vaitoa, kafundisha vibaya."

Akafikiri kidogo. "Mwalimu wa hesabu wa mwanangu naye aje basi. Nitamwekea na mto." Akaondoka akicheka, akaenda kuwaambia wengine, na muda si mrefu kicheko kikazunguka barabara nzima. Chini ya mkeka Aperamo hakusogea. Niliona jasho linamdondoka kwenye mawe. Niliwaza, huyu bibi akituacha hapa mpaka jioni, mume wangu ataanguka, na mimi nitaingia humo ndani nimtoe kwa nywele, ifoga au si ifoga.

Nilikuwa bado nawaza hivyo Saufoi alipotoka.

Ni bibi mdogo wa mwili, mweupe wa nywele, anayeogopwa na kijiji kizima pamoja na mchungaji. Alikuwa na fimbo yake. Alishuka ngazi, akaja mpaka mbele ya mkeka, akasimama. Barabarani watu wakanyamaza. Pulou akakohoa, akaanza hotuba yake kwa zile heshima ndefu zinazotangulia, majina ya mababu na milima.

"Nyamaza, Pulou," Saufoi akasema.

Pulou akanyamaza. Nilimwona anatazama kama gari la mpwa wake liko karibu.

Nilingoja bibi anyooshe mkono auondoe mkeka, au anyanyue fimbo. Hakufanya lolote katika hayo. Aliitupa fimbo kando. Akashika bega langu, akaegemea, akashusha goti moja kwenye mawe, kisha la pili, na mguno ukamtoka uliotuuma sote. Akanyanyua ukingo wa mkeka wa mama yangu. Akaingia chini yake, kando ya mume wangu.

Sijui wengine walifikiri nini. Mimi nilifikiri amepatwa na kiharusi.

"Bibi," sauti ya Aperamo ikasema kutoka chini ya mkeka, "bibi, mimi ndiye niliyekosa."

"Tulia, wewe. Nimekukimbia wiki nzima. Niliona ukija kwangu na huo uso wako nikajua umekuja kujilaumu, na sikuwa na moyo wa kukusikiliza." Alisema kwa sauti kubwa, hakunong'ona, na barabarani watu walisogea karibu. "Huyu mtoto alirudi kutoka shuleni mwaka jana siku ileile uliyowafundisha. Akaniambia, bibi, Mwalimu amekosea, atomu zinapungua. Alikisoma kitabu mpaka mwisho, akaelewa. Alinieleza hapo ndani mambo ya kuvutwa katikati. Mimi sikuelewa hata neno. Nilichoelewa ni kwamba mtoto wangu anasema mwalimu wake hajui. Aliniomba ruhusa akakwambie. Nikampiga kofi la mdomo. Nikamwambia, wewe ni nani umsahihishe mtu mzima?"

Niliona mkeka unatetemeka upande wa Aperamo.

"Na asubuhi ya mtihani," Saufoi akaendelea, na sasa sauti ilikuwa inamkatika, "alikuwa anavaa sare, akaniuliza tena. Bibi, niandike la Mwalimu au niandike la kweli? Nikamwambia, andika ulivyofundishwa, usije ukatutia aibu. Na ni mtoto mtiifu. Ninyi nyote mnajua alivyo mtiifu. Halafu majibu yalipokuja nikamtafutia Pago haraka, kwa sababu kila nikimwona anafagia humu ndani nilikuwa siwezi kumeza chakula."

Hakuna aliyecheka sasa. Hata Vaitoa alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya nguo.

"Alijua," Aperamo akasema. Alisema taratibu, kama anajifunza neno. "Alikuwa amekaa pale mbele yangu mwaka mzima, na alijua."

Pulou alijikuna shingo. Alikuwa mtu wa desturi, na desturi ilikuwa imemponyoka mikononi. "Sasa jamani," akasema, "mwenye nyumba yumo ndani ya mkeka. Nani atauondoa?"

Tulikaa hivyo. Hakukuwa na wa kumwuliza. Katika ukoo wa Saufoi wakubwa wote wako ng'ambo, wako Apia, au wako kaburini, na aliyebaki nyumbani ni mmoja tu, na huyo ni mtoto, na mtoto haondoi mkeka juu ya vichwa vya wakubwa. Kitu hicho hakipo. Lakini jua lilikuwa linawaka, na bibi wa miaka ile alikuwa magotini kwenye mawe, na mwishowe Pulou mwenyewe akaita, "Fetuao. Binti yangu. Njoo."

Alitoka na nguo aliyokuwa anaikunja bado iko mkononi. Akaiweka ngazini. Akavuka uwanja wa mawe, akasimama mbele ya mkeka, na kila mtu aliona jambo lilelile kwa wakati mmoja: hakuinama. Pulou kwenye kiti, mimi chini, bibi yake na mwalimu wake chini zaidi, na yeye amesimama wima na mgongo wake wote ule mrefu.

"Niliandika la Mwalimu," akasema. Alikuwa anasema polepole kama kawaida yake. "Vipande vyote vinne. Nilijua kila nilichoandika si kweli, na nikaandika vizuri, kwa mwandiko mzuri, ili bibi asiaibike. Msimamizi aliponiambia muda bado upo nikasema nimemaliza."

"Mjukuu wangu," Saufoi akasema kutoka chini.

"Nimewakasirikia, bibi. Nimewakasirikia wote wawili tangu siku hiyo. Nalala na hasira, naamka nakupikia chai na hasira. Nilikuwa sijui kama naruhusiwa."

Kisha akashika ncha mbili za mkeka, akauvuta. Hakuuvuta kwa heshima wala kwa ukali, aliuvuta kama mtu anayetandua kitanda. Wakaonekana wawili wale, wamelowa jasho, nywele nyeupe za bibi zimemgandia usoni, magoti ya Aperamo yanatoka damu. Aperamo alimtazama juu akikunja macho kwa jua. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Ningependa ungenisahihisha," akasema.

"Ningesahihishaje, Mwalimu?"

Aperamo akaanza kusema lile alilokuwa amelifanyia mazoezi wiki nzima bila kula, nililisikia kila asubuhi nikiwa naoka: kwamba arudie mwaka, asiende Pago, kwamba yeye Aperamo amesoma kitabu chote upya kuanzia ukurasa wa kwanza, kwamba atamfundisha kila jioni nyumbani kwetu, chakula kwetu, mpaka siku ya mtihani. Alisema haraka haraka, mikono imefunguliwa mbele yake, na nilimpenda sana pale alipokuwa, mjinga wangu huyu.

Fetuao alimsikiliza mpaka mwisho. Kumsikiliza mtu alikuwa anajua.

"Hapana," akasema.

Saufoi akanyanyua kichwa.

"Nimekusamehe, Mwalimu, na bibi nimemsamehe. Pago siendi. Mwaka nitaurudia. Lakini sitaki unifundishe wewe. Nitakwenda Apia kwa mdogo wake bibi anayeishi huko, kwenye shule yenye mwalimu wa kemia."

"Na mimi?" Saufoi akauliza. Aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nitabaki na nani?"

"Utabaki peke yako, bibi. Mpaka nimalize."

Aperamo aliinamisha kichwa, akakubali kwa kutikisa tu, mara moja, kisha tena. Na mimi? Mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi. Mume wangu yuko chini magoti yanavuja damu, mkeka wa mama yangu uko kwenye mawe, bibi wa watu analia, na katoto haka kamesimama juu ya vichwa vyetu kanasema sitaki. Hasira ilinipanda mpaka kooni, na maneno yakawa mdomoni tayari, yamejipanga yenyewe wala sikuyaita. Wewe ni nani?

Niliyasikia kabla hayajatoka, maneno yaleyale ya Saufoi. Nikafunga mdomo.

Fetuao alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameshakaza shavu, kama mtoto anayejua kofi linatokea upande gani. Alingoja kidogo. Alipoona sisemi, akachuchumaa, akampitishia bibi yake mkono kwapani, akamwinua.